Boksi la Mwisho la Korongo

Mama Macho hakupewa jina hilo bure. Fundi bomba akija kwake lazima aoneshe mfuko anapoingia na anapotoka, na msoma mita hasogei hatua bila yeye kumfuata nyuma. Kwa hiyo yule mtu mwenye mvi kidevuni alipopiga hodi akasema ni mtafiti, anaandika historia ya karatasi za Korongo, alifungiwa mlango mara mbili. Mara ya tatu alikuja na mabeseni matatu, taa nyekundu na chupa za dawa ya kusafishia picha, akaruhusiwa kuingia, maana Mama Macho alitaka kujua huyu mtu anatafuta nini hasa.

Karatasi za Korongo zilikuwa za marehemu baba yake. Alizitengeneza katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, enzi ambazo picha zilisafishwa kwa mkono gizani. Alichemsha jelatini, akachanganya na chumvi ya fedha, ile inayogeuka nyeusi ikiona mwanga, akaipaka kwenye karatasi na kuianika kwenye kamba, na tundu la ufunguo limezibwa kwa tambara. Kila studio mjini ilikuwa na boksi lake lenye mchoro wa korongo. Kisha wapigapicha wakaanza kunung'unika: nyeusi yake imekuwa kijivu, bwana harusi na ukuta havitofautiani. Likaenea neno kwamba mzee anachakachua. Wateja wakamkimbia, karakana ikafungwa, mzee akafa na dukuduku lake. Leo wachache wanaomkumbuka wakimtaja hucheka, na kicheko hicho kilimuuma binti yake kuliko msiba wenyewe.

Lilikuwa limebaki boksi moja, halijafunguliwa, juu ya kabati, chini ya mabaki ya vitambaa vya ushonaji vya Mama Macho.

"Nipe karatasi moja tu," mtafiti alisema. "Tuimulike nusu yake, kisha tuisafishe hapa hapa, mbele yako. Tuone kama nyeusi ni nyeusi na nyeupe ni nyeupe."

"Ikitoka kijivu, utaandika?"

"Nitaandika nilichokiona, mama."

Jibu hilo halikumpendeza hata kidogo. Na kwa nini hakuvua koti, joto lote lile? Koti lina mifuko. Hata hivyo alikubali, maana kwa miaka arobaini na moja alikuwa akilitazama boksi lile na kuogopa kilichomo.

Wakaziba dirisha kwa blanketi, wakapanga mabeseni mezani. Mtafiti akazima hata taa nyekundu, ambayo kwa kawaida haidhuru karatasi. "Karatasi ya zamani haiaminiki," alisema. "Hata nyekundu inaweza kuiunguza."

Wewe ndiye huaminiki, Mama Macho alisema moyoni.

Giza likawa totoro. Alisimama mlangoni, kidole kwenye swichi ya taa kubwa, masikio kayatega. Alisikia kifuniko kikitoka. Karatasi ikachakarisha, kisha kasauti kadogo ka mdomo, kama mtu anayeonja mchuzi. Ikachakarisha ya pili. Ya tatu. Si walikubaliana moja?

"Unafanya nini huko?"

"Subiri kidogo," mtafiti alijibu, sauti kama ya mtu aliyebana kitu midomoni.

Ya nne. Ya tano. Damu ikamchemka. Leo atamkamata na mkono mfukoni. Akawasha taa.

Mikono ya mtafiti haikuwa mfukoni. Boksi lilikuwa tupu, karatasi tano zimetandazwa mezani, ya sita ameishika, kidole gumba juu yake na pembe yake mdomoni. Mama Macho akaizima taa upesi, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika.

Wakabaki gizani. Baba yake alikuwa akifanya hivyo hivyo. Bila mwanga huwezi kujua upande upi umepakwa dawa, basi unagusisha pembe mdomoni, na upande unaonata ndio wenyewe. Utotoni aliamini baba anazibusu. Kabla hajajua kusoma alishajua kwamba katika nyumba hii taa haiwashwi karatasi zikiwa nje, na leo ni yeye aliyeiwasha.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Mama yangu. Alikuwa akifunga karatasi kwenye maboksi humu ndani. Hizi za leo nilikuwa nazitandaza nichague isiyokunjika. Mama, mpaka anakufa, alisema karatasi hazikuwa na kosa. Wapigapicha walikuwa wakitumia dawa ile ile wiki nzima, imeshachoka. Mzee aliwaambia, wakamcheka."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa ukifunga mlango kabla sijafika kwenye habari za mama."

Mama Macho aliona aibu. "Ndiyo zimekufa zote?"

"Zote zimeona mwanga."

"Isafishe hiyo uliyoishika."

"Kuna faida gani?"

"Isafishe."

Mtafiti aliwasha taa nyekundu, kwani hapakuwa na cha kupoteza tena, akaizamisha karatasi katika beseni la kwanza. Ikaja kijivu. Mama Macho akashika ukingo wa meza. Kijivu kikakolea, kikaendelea kukolea, mpaka karatasi nzima ikawa nyeusi tii. Karibu na pembe tu, pale gumba lilipoukinga mwanga, palibaki alama ya kidole, nyeupe pe.

Mtafiti aliipitisha katika beseni la pili na la tatu, kisha Mama Macho akaichukua mwenyewe, machozi yakimtiririka, akaibana kwenye kamba ya baba yake. Ilikuwa picha ya mwisho ya Korongo, na juu yake hapakuwa na kitu ila kidole cha mtu aliyemdhania mwizi.