Kifungo cha Mzee Mayala

Kwanza nilisikia kifungo cha shati. Kiligonga tk, kikanyamaza, kikagonga tena, taratibu, kama kinapumua. Nyuma yake kulikuwa na mvumo mmoja tu, mnene, usiopanda wala kushuka.

"Kanda mbovu hii," alisema mjomba Novatus, akapunguza sauti ya redio. "Mzee, wimbo unaanza lini?"

"Umeshaanza," alijibu Mzee Mayala.

Wateja mlangoni walicheka. Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru, na pale sokoni Somanda kila mwenye kibanda aliuza kitu kilichotoka mbali: betri, redio, mitumba. Mjomba aliuza kanda. Mimi niliacha shule darasa la tano ili nimuuguze mama, na baada ya kumzika, kazi yangu ikawa kunakili kanda kwenye redio ya deki mbili, tangu kufungua hadi kufunga. Kwaya, dansi, tena kwaya. Jioni mtu akinisemesha nilimsikia kwa mbali.

Mzee Mayala alikuwa ametoka Nkololo kwa miguu. Alikuwa mpigaji wa ndono, ule upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Mpigaji hugonga waya kwa kijiti, huku kibuyu akikibana kifuani na kukiachia. Mnunuzi mmoja wa pamba alimrekodi pande zote mbili, akampa kanda, akaondoka na redio yake.

"Mwenyewe sijaisikia," mzee alisema. "Sina redio. Isikilizeni. Ikifaa, iuzeni. Isipofaa, kanda ni yenu, rekodini mtakacho. Kibuyu kimeshapasuka, na mikono hii haitatengeneza kingine."

"Nyanjige ataisikiliza," mjomba alisema. "Huyu hachoki, wala hana maneno."

Nilikuwa nimechoka. Niliisikiliza kwa sababu niliagizwa.

Upande wa kwanza sikuupenda. Mkono wake ulikuwa na haraka. Kila mvumo ulipotaka kutulia, aliuchokoza kwa kijiti, kama mwenyeji anayeogopa mgeni asije akaaga mapema. Nilingoja kitu kitokee, naye alingoja nifurahi, na kifungo kikawa kinagonga katikati yetu. Mteja alikuja, nikamuuzia betri, nikarudi. Bado ulikuwa mvumo uleule.

Nilipogeuza kanda, kifungo hakikuwapo. Niliongeza sauti nikakitafuta. Kisha nikaelewa: alikuwa amefungua shati, labda kwa joto, labda kwa kuchoka. Sasa kibuyu hakikugonga kifungo tena; kilikaa kwenye ngozi. Mvumo haukubadilika, lakini chini yake ulisikika mwingine mdogo, uliofunguka na kufungika kwa pumzi zake. Hakuchokoza tena. Mara moja kijiti kiliteleza, waya ukakwaruza, naye akauacha ukwaruze. Nikaacha kungoja. Mabega yangu yalishuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeyabeba juu tangu msiba.

Jioni mjomba aliingia na Felisita, jirani yetu muuza mitumba.

"Haya, kuna nini humo?"

"Kuna kifungo," nikasema.

"Kifungo!" Felisita alijishika kiuno. "Novatus, iuze basi! Wenye mashati yaliyokatika vifungo watapanga foleni!"

Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Kesho tunarekodi kwaya juu yake."

Walipotoka, nilichukua kisu nikavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Kanda isiyo na vijino haikubali kurekodiwa.

Asubuhi mjomba alibonyeza, redio ikagoma. Akaitoa kanda, akaigeuza.

"Nani kavunja hapa?"

Nikaendelea kupanga betri.

"Una mambo wewe. Lete karatasi tuzibe."

"Mwangaluka," sauti ilisalimu mlangoni. Ilikuwa ya Mzee Mayala.

Mjomba aliishusha kanda. "Mwangaluka, mzee. Kanda yako... sisi hatutaiweza."

"Basi nipe."

Aliipokea kwa mikono miwili, kisha akanigeukia. "Mayu," aliniita, kama kwetu anavyoitwa binti kwa heshima, "uliisikiliza?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Yote?"

Nikatikisa tena.

"Nilipiga vizuri?"

Mjomba alinitazama. Felisita naye, kutoka kwenye kibanda chake. Shati la mzee lilikuwa limefungwa hadi shingoni, na kifungo kimoja kifuani kilikuwa kikubwa kuliko vingine, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nilikitazama hicho. Mzee aliningoja kidogo, akatia kanda mfukoni, akaishika njia ya Nkololo.

Leo ningemjibu: Babu, upande wa kwanza hukupiga vizuri. Ulikuwa unatupigia sisi. Ulipochoka ukafungua shati, ukatusahau, na hapo nami nikapumzika. Ukipata redio, usianzie mwanzo. Geuza kanda, babu. Anzia huko.