Kizuia Sauti Alichokifunga Osmo

Osmo Kemppainen hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Akirudi kutoka msituni, kabla hata ya kuvua buti, alifungua kizuia sauti kutoka mdomoni mwa bunduki, akakipangusa, akakisimamisha juu ya gazeti karibu na jiko mpaka kikauke ndani na nje. Bunduki iliingia kabatini bila hicho. Mkewe Terhi alikwisha zoea kupika na lile bomba jeusi limesimama pale kama mgeni asiyekula.

Jumamosi moja ya Novemba, siku ya mwisho ya kikundi chake kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa kaskazini, Osmo aliingia na theluji mabegani, akaisukuma bunduki kwenye kabati la chuma vilevile ilivyokuwa, kizuia sauti kikiwa juu yake, akageuza ufunguo.

"Hicho nitakishughulikia nikitoka sauna," alisema.

"Mmepata kitu?"

"Hata unyoya. Nimechoka tu."

Alikunywa kahawa nusu kikombe, akashuka kwenda sauna kuoga mvuke. Alipochelewa, Terhi alimfuata na taulo, akamkuta ameketi kwenye benchi la chini, kichwa kimeegemea mbao, macho wazi. Gari la wagonjwa lilitoka mbali, maana kwao kila kitu hutoka mbali. Wahudumu walipoingia, mmoja alivua kofia kabla hajagusa chochote, na Terhi akajua.

Hakulia. Watu walingoja alie. Walileta mikate ya iliki, wakakaa sebuleni na vikombe magotini wakimtazama, wakaondoka hawajaona chozi. Si kwamba alijikaza. Alikuwa amekufa ganzi, utosini hadi nyayoni. Aliendelea kupika shuleni, viazi na supu ya samaki kwa watoto, akarudi nyumbani, akawasha televisheni, akaizima. Theluji ikaja, ikakaa, ikayeyuka. Majira ya joto yalipita nje ya dirisha kama sherehe ya watu wengine.

Mwezi wa Agosti Taisto alipiga simu. Huyu ni kaka mkubwa wa Osmo, na ndiye kiongozi wa kikundi cha wawindaji pale kijijini.

"Shemeji, nina uhaba wa watu. Nusu ya wangu wana magoti mabovu, nusu iliyobaki wana wake wakali. Wewe una kadi yako ya uwindaji, na kibali cha ile bunduki ni chenu nyote wawili. Njoo uwanjani Jumapili ufanye jaribio la shabaha."

"Sawa," akasema Terhi. Siku hizo alisema sawa kwa kila kitu, kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu.

"Kizuia sauti ukifungue kwanza. Ukisafishe, ukague hesi zake za kufungia, upitishe ufito mtutuni uone kama kimenyooka. Unajua mwenyewe."

Terhi alijua. Osmo alimfundisha. Lakini alipofungua kabati kwa mara ya kwanza tangu Novemba, harufu ya kutu na mafuta yaliyochacha ikampiga usoni, akasimama na mkono wake umekishika kile chuma baridi. Alijaribu kukizungusha kidogo. Hakikusogea. Angeweza kuleta kitambaa akakaza mkono. Ndipo wazo likamjia, la kwanza lenye uzito kwa miezi mingi, kwamba mkono wa mwisho kukifunga ulikuwa wa Osmo. Mashati yake dada zake walikwisha yafua. Kitanda kilitandikwa upya siku ya mazishi. Hiki ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kilichobaki kama Osmo alivyokiacha, kimekazwa kwa vidole vyake mwenyewe.

Akakiachia. Akapangusa kutu iliyokuwa nje, akaiweka bunduki kwenye mfuko wake.

Jumapili uwanjani walikuwa wao wawili tu na mbu. Sanamu ya elki ya mbao ilisimama upande wa pili wa shimo la mchanga, tumbo limejaa viraka. Taisto alimtazama shemeji yake akitoa bunduki.

"Ulikifungua?"

"Nilikifungua."

"Ufito ulipita katikati?"

"Ulipita."

Siku nyingine yoyote Taisto angeuchukua ufito na kuupitisha mwenyewe, kwani hakumwamini mtu, hata padri. Ila hapo aliona aibu kumkagua mjane. Akavaa vifuniko vya masikio, akarudi nyuma hatua chache.

"Haya. Pumua, usimwonee huruma. Ni mbao."

Terhi alilala kifudifudi nyuma ya gunia la mchanga, akalenga bega la sanamu, akavuta kifyatulio. Mshindo uliotoka haukuwa ule mkavu, mfupi, alioujua. Ulikuwa kama sufuria iliyoangushwa ndani ya pipa. Bunduki iliruka begani mwake, na mbele kidogo kitu cheusi kikaanguka mchangani, kikabiringika, kikatulia.

"Acha! Weka chini! Usiguse kitu!" Taisto alimfikia amekwisha piga magoti, akimshika mikono, akimgeuza uso huku na huku. "Uko sawa? Macho? Nionyeshe vidole."

"Niko sawa."

Taisto aliifungua bunduki, akahakikisha haina risasi, ndipo akaitazama mbele. Kifuniko cha kizuia sauti kilikuwa kimeng'oka, ubavu umepasuka kama ganda la yai, na visahani vya ndani vilichungulia vimekunjika.

"Risasi imepita ikigonga," akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Ulisema umekifungua!"

"Nilisema."

"Ulikifungua?"

"Sikukifungua."

"Unataka kujiua, mwanamke? Kile kipande kingerudi nyuma je? Mimi nizike tena kabla hata mwaka wa Osmo haujatimia?"

Terhi alimtazama shemeji yake akipiga kelele. Aliona mate kwenye ndevu zake, na alijua kwamba inapasa aogope, au aone haya. Alitafuta kitu cha namna hiyo ndani yake, akakosa. Akaenda kukiokota kile kifuniko, kwa kuwa uwanja hauachwi mchafu.

Kesho yake Taisto alimchukua kwa gari lake hadi mjini Suomussalmi, kwa fundi bunduki. Sisko Härkönen alikuwa mwanamke mpana, mwenye miwani paji la usoni, na mdomo wake ulifanya kazi kwa kasi kuliko mikono.

"Yesu wangu! Nani kakipiga shoka hiki?"

"Mimi," akasema Terhi.

"Basi una shabaha, mama. Toka ndani, tena! Wengine hukosa toka nje."

Aliubana mtutu kwenye jiliwa kwa vipande vya ngozi, akatia mafuta, akangoja, akapasha moto, akatia tena. Taisto alizunguka kibandani akisoma bei za visu. Mwishowe kile kilichobaki kilitoa mlio mkali, kikakubali kuzunguka. Sisko alikitoa, akashusha miwani, akanyamaza. Kwa yeye kunyamaza, Taisto aligeuka.

"Njooni hapa. Mnaona kutu inavyoishia? Hiki hakikufika mwisho. Kilipaswa kukalia hili bega la mtutu, chuma kwa chuma, usipitishe hata unywele. Kimeachwa na nafasi, tena kimebana hii." Kwa ncha ya bisibisi akabandua sindano ya msonobari, nyeusi, iliyolainika. "Mtu alikitoa hukohuko porini. Labda theluji iliingia mdomoni, akakikung'uta, akakirudisha, akaishia katikati. Halafu kikawekwa na unyevu wake miezi yote, kutu ikakishika hapohapo, kimeinama. Ukikipima kwa mkono unadhani kimekaza. Hakijakaza, kimeganda, na hayo mambo ni mawili tofauti."

"Na ufito ungeonyesha," Taisto akasema.

"Mara moja! Bunduki tupu, unaingiza ufito ulionyooka, unachungulia mdomoni: umekaa katikati au umeegemea upande? Kazi ya kupepesa jicho. Na mkirudi nyumbani kitoke, kikauke, hesi zipanguswe na kupakwa mafuta kidogo, kidogo jamani, si kama mnapaka mkate siagi. Nani alikifunga hiki?"

"Mume wangu," Terhi akasema.

"Osmo?" Sisko alivua miwani kabisa. "Haiwezekani. Osmo alinigombeza mimi, kwenye kibanda changu mwenyewe, kwa ajili ya hesi yenye vumbi. Alikuwa na haraka?"

"Osmo hakuwahi kuwa na haraka," Terhi akasema.

Terhi aliviangalia vile vizingo vya hesi vilivyobaki bila kutu, vile ambavyo Osmo hakuvifikia, vikimeta kama vipya. Vidole vya Osmo vilifungua mitungi ya jamu iliyomshinda kila mtu. Asubuhi ile, porini, vilishindwa na vizingo hivi, naye akakiacha hivyo.

Sisko alisema mdomo wa mtutu umeumia, ataukata kidogo na kuchonga hesi upya, na kizuia sauti ni cha kutupa. Terhi akasema sawa.

Njiani walisimama kwenye kituo cha mafuta. Taisto alileta kahawa na maandazi ya sukari, wakakaa dirishani kati ya madereva wa malori ya magogo.

"Asubuhi ile alikuwaje?" Terhi akauliza.

Taisto alizungusha kikombe. "Aliteleza kwenye mtaro, bunduki ikachovya theluji. Akaketi kwenye gogo kuikung'uta. Alikaa muda mrefu, akiusugua huu mkono." Akagusa mkono wake wa kushoto. "Alisema umekufa ganzi, amelalia vibaya."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, mzee, hizo ni dalili za uvivu. Akacheka."

Ndipo Taisto akaanza kulia. Alilia kama mtu asiyejua kazi hiyo, kwa mikwaruzo, mabega yakimruka, na madereva wakageukia sahani zao. Terhi alimsogezea karatasi ya kupangusia mikono. Alipoona hanyamazi, akachukua ufunguo wa gari mezani.

"Twende, shemeji. Mimi nitaendesha."

Baada ya vilima viwili waliwakuta kulungu wa kufugwa, kundi zima, wamesimama katikati ya barabara wakikimbia mbu. Terhi alisimamisha gari. Mmoja alikuja akalamba taa.

"Piga honi," akasema Taisto, pua imeziba.

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Wakangoja. Mvua nyepesi ilianza kuchora kioo.

"Angeniambia mkono unamsumbua," akasema Terhi, "ningempeleka hospitali Kajaani."

"Ungempeleka."

"Nisingemwacha aingie sauna."

"Usingemwacha."

"Alikaa pale mezani, akanitazama, akasema amechoka tu." Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma orodha ya viazi. "Mjinga yule."

Taisto alimtupia jicho. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kumsema Osmo ila kwa sifa.

"Mjinga," akakubali.

"Mjinga kabisa!" Safari hii neno lilitoka kwa nguvu mpaka kulungu aliyekuwa mbele akarudi nyuma, na Terhi akapiga usukani kwa kiganja, mara moja, na kiganja kikamuuma. Alikitazama kilivyokuwa chekundu. Hakulia hata hapo.

Jaribio la shabaha alilipita mwezi uliofuata, mbele ya watu wanne, baada ya Taisto mwenyewe kupitisha ufito mara mbili kwenye kizuia sauti kipya, bila aibu. Wiki ya pili ya Oktoba aliwekwa kwenye ukingo wa kinamasi, zamu aliyoomba mwenyewe, mbali na ule mtaro. Jua lilipopanda, dume la elki lilitoka kwenye mierebi, likasimama ubavu. Terhi alipumua, akapiga, na likaanguka pale lilipokuwa.

"Nani huyo?" Taisto akauliza kwenye redio.

"Terhi."

"Limelala?"

"Limelala. Njooni na kamba." Akakaa juu ya kisiki kuwangoja. Baridi ilimpanda kupitia soli za buti, akaanza kuchezesha vidole vya miguu, kimoja kimoja, akivisikia.