Vidoa vya Anifa

Panga la Ashiru lilipasua meza kwanza, kisha likamtafuta Nurdin. Nurdin, fundi wa maabara ya mtu binafsi pale Masasi, mtu wa mizaha hata msibani, alijibanza nyuma ya friji, kioo chenye sampuli ya Anifa, mke wa Ashiru, kakikumbatia kifuani.

Kosa alilifanya mwenyewe. Asubuhi ile Ashiru alitoka Newala na mkewe kufuata majibu ya uvimbe wa titi, na Nurdin akamwachia achungulie kwenye hadubini. Akamweleza kwamba dawa yenye madini ya fedha hutia weusi pale seli inapochapa kazi. Seli isiyo na ugonjwa huwa na doa moja au mawili, hizi za Anifa zimejaa vidoa kama pilipili manga kwenye pilau, dalili ya saratani. Ashiru akacheka. Halafu akaviona vidole vya Nurdin, vyeusi tii kwa dawa ileile. Akatoka bila kuaga, akarudi na panga jipya, karatasi ya dukani bado imegandia mpini.

"Saratani umeipaka wewe. Kwa mikono hiyo."

Kioo kilikuwa kimoja tu, na daktari bingwa alitaka akione kesho kabla ya kumpasua Anifa. Ashiru alitaka kukisaga.

Aliliangusha friji. Akamkanyaga Nurdin mbavuni mpaka kitu kikalia ko. Panga likashuka, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabaki sakafuni.

"Haya, shemeji," Nurdin alisema, damu ikimchuruzika mpaka kiwikoni, "vya kupakia umechukua. Kioo niachie."

Panga likapanda tena. Halikushuka. Anifa, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi nje, alimpiga mumewe kisogoni kwa kigoda. Ashiru akapiga magoti. Mkewe akamwongeza pigo la pili, la begani, panga likamtoka.

Kisha akaushika mkono wa mumewe, akaukandamiza kwenye titi lake, juu ya bonge lenyewe.

"Hili nalo alinipaka, Baba Lukmani? Limenianza tunaokota korosho. Huyu tulikuwa hatumjui."

Ashiru alijaribu kuutoa mkono; mkewe hakumwachia upesi.

Anifa akakichukua kioo, akakifunga kwenye pindo la khanga. Mtandio wake akaukaza kwenye mkono wa Nurdin mpaka fundi akaona nyota, akamwinua, akatoka naye barabarani kusimamisha gari la hospitali.

Lilikuwa na nafasi ya watu watatu. Walipanda wawili.