Sanduku Ambalo Hakuna Aliyelipata

Jiwe lilimbana Wilfred Pethick mkono wa kulia adhuhuri, na jambo la kwanza alilofanya ni kucheka. Alicheka kwa sababu jiwe lenyewe alilichagua yeye. Miaka mitano nyuma alilisukuma kwa mtaimbo mpaka ukingoni mwa kijito cha Stennen, akaliegemeza juu ya shimo, akaficha ndani yake kopo la plastiki lenye muhuri na daftari, kisha akarudi nyumbani akijiona hakuna fundi kama yeye katika nyika yote ya Dartmoor. Leo alikuja kulitazama tu. Alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwikoni, ncha za vidole zikaligusa kopo. Alipolikamata, goti lake likakandamiza ukingo wa jiwe, jiwe likacheza, likashuka.

Akavuta. Mkono haukuja. Akavuta tena kwa hasira, maumivu yakampanda mpaka kwapani, na kile kicheko kikakatika.

Huku mtu mzima kuchokora mawe akitafuta kopo si wazimu. Wake kwa waume, wazee kwa watoto, Jumapili utawakuta wametapakaa nyikani na buti zao. Mwenye kopo hulificha, ingawa wenyewe huliita sanduku hata likiwa kopo la siagi. Huandika fumbo la kuelekeza, na atakayelifumbua hupiga muhuri wa sanduku kwenye kitabu chake, hupiga na muhuri wake mwenyewe katika daftari lililomo, halafu hulirudisha palepale alipolikuta. Zawadi hakuna. Kuna sifa tu, na sifa imeshaua watu wengi kuliko njaa.

Wilfred aliitaka hiyo sifa, na aliitaka kwa mtu mmoja. Garnet Luscombe, aliyekuwa na bucha pale kijijini kabla ya kustaafu, alisoma naye dawati moja, na masanduku aliyokwisha kuyapata yalikuwa hayahesabiki. Alibakiza hili moja. Kila Ijumaa Wilfred alimpigia simu.

"Bado?"

"Bado."

"Basi mlete huyo mtu aliyeshindwa pale baa ya Kondoo Watatu, nimnywee bia usoni."

Garnet hakukosa kuja hata Ijumaa moja. Alichechemea kwa goti lake bovu, akakaa pembeni ya moto, akataniwa. Siku alipokuja amefunga kidole cha shahada, akasema amebanwa na mlango wa gari, Wilfred aliwachekesha baa nzima: mtu asiyeona mlango wa gari lake ataonaje sanduku? Mkewe Garnet, marehemu Ivy, alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, na Wilfred alijiambia kwamba utani humchangamsha mfiwa. Alijiambia hivyo bila kuuliza.

Fumbo lenyewe lilikuwa fupi. *Panda ng'ombe asiyekula majani. Mtafute mzee mwenye kibiongo. Nenda ukampigie magoti.* Ng'ombe wa jiwe kila mtu alimjua, yuko juu ya mteremko, na hata mtoto angeweza kumpanda. Lakini ukisimama juu yake, kibiongo unachokiona ni mti wa miiba uliopindishwa na upepo, kule ng'ambo. Watu walikwenda kwenye mti huo, wakafukua mizizi, wakarudi na matope na matusi. Mzee wa kweli alikuwa jiwe lililoinama hapa chini kijitoni, nyuma ya magugu, na ili umwone ilikupasa ukae chini juu ya ng'ombe. Hakuna aliyekaa. Nani hukaa wakati anatafuta? Wilfred aliutega mtego huo kwa makusudi, na aliupenda kama mwanawe.

Mvua ikaanza.

Kwanza yalikuwa manyunyu, kisha ukungu ukashuka, kisha ikawa mvua yenyewe. Wilfred alikuwa amelala kifudifudi, kifua juu ya changarawe, miguu ndani ya maji. Alipofika, kijito kilikuwa cha kuruka kwa hatua moja. Lakini alikulia hapa, na alijua kwamba matope meusi ya kule juu hunyonya maji mpaka yakishiba, halafu huyatapika yote kwa mpigo.

Alimwagia mkono maji uteleze. Akajaribu kuuzungusha. Akachimba chini ya jiwe kwa mkono wa kushoto mpaka kucha zikatoka damu, akakuta mwamba. Shanta lake, lenye filimbi ndani, alikuwa ameliweka vizuri juu ya jiwe kavu, akilihurumia lisilowe. Alinyoosha mguu kulivuta kwa ncha ya buti. Likasogea, likainama, likatumbukia, likaenda na maji pamoja na filimbi, chai, na andazi la nyama na viazi alilofungiwa na mkewe, Muriel.

"Mpumbavu," alijiambia. "Mpumbavu mkubwa, mwenye mvi."

Ada ya nyika ni moja tu, nayo haijaandikwa popote: ukitoka, sema unakwenda wapi. Wilfred aliwafundisha wageni ada hiyo kwa ukali. Leo asubuhi mkewe alipomuuliza, alijibu, "Sanduku langu," akachukua kofia. Muriel hakujua liko wapi. Wilfred hakuwahi kumwambia, maana Muriel na Garnet walielewana sana, na siri ya kike, alipenda kusema, ina miguu. Kwa hiyo hapakuwa na binadamu chini ya mbingu anayejua pahali alipolala Wilfred Pethick. Hilo ndilo alilolitaka kwa miaka mitano, na sasa alikuwa amelipata.

Maji yalipofika kiunoni alisikia sauti za watu.

Zilitoka juu, kwa ng'ombe. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao kuja kwake, na ulimletea kila neno kana kwamba wamekaa sebuleni kwake.

"Soma tena," mwanamume alisema.

"Mtafute mzee mwenye kibiongo," mwanamke akasoma. "Si ule mti kule? Tazama alivyojikunja, maskini, kama baba yako akitafuta miwani."

"Mwache baba yangu. Twende, mvua inazidi."

"Hapa!" Wilfred alipiga kelele. "Hapa chini! Jamani, hapa!"

Kijito kilinguruma sikioni mwake na upepo ukamrudishia sauti yake kooni. Alipiga kelele mpaka akaonja damu. Akapiga maji kwa kiganja. Alisema, kwa sauti kubwa, kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote: "Si mti! Kaeni chini! Mkikaa mtaniona! Kaeni chini!"

"Umesikia kitu?" mwanamke aliuliza.

Wilfred akaacha kupumua.

"Kondoo," mwanamume akasema.

Sauti zao zikaelekea ng'ambo, kwenye mti wa miiba, mahali palepale alipotaka waende. Baadaye kidogo alisikia vicheko vya mbali, halafu hakusikia kitu. Hapo Wilfred aliogopa. Tuseme wazi, alilia. Alilia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, akamwita Muriel, akamwita mamake aliyekufa zamani, kisha akanyamaza kwa sababu maji yaliyomwingia mdomoni yalikuwa na ladha ya udongo.

Watu wengi husema maji yamewafika shingoni na hawajalowa hata kidole. Yake yalimfika kwa kweli. Alilazimika kuinua kidevu na kukibandika kwenye jiwe, shavu likikwaruzwa kila wimbi dogo lilipopita. Mkono uliobanwa haukuuma tena, na hilo lilimtisha kuliko maumivu. Aliwaza kama mtu anaweza kujikata mkono kwa kisu kidogo cha mfukoni. Akakumbuka kwamba kisu kiko mfuko wa kulia, na kwa mkono wa kushoto hakifikii. Aliwaza watakaomtafuta wakienda kwanza kwenye mti. Wote wangekwenda kwenye mti.

Akageuza jicho moja kutazama juu, kwa sababu alitaka jambo la mwisho aonalo lisiwe jiwe lile.

Mtu alikuwa anashuka mteremko ndani ya ukungu. Hakupita kwa ng'ombe. Hakuutupia macho mti wa miiba. Alikuja moja kwa moja akichechemea, anateleza, anaanguka matakoni, anainuka, na begani alikuwa na mtaimbo.

"Wewe mzee mwendawazimu," Garnet Luscombe alisema, akaingia majini na viatu vyake. "Kwenu hamna bafu?"

"Garnet. Mkono."

"Nauona. Funga mdomo. Ukimeza kijito chote nitagombana na nani?"

Alijipenyeza upande wa juu, akayaziba maji kwa mgongo wake, na uso wa Wilfred ukapata nafasi ya vidole viwili vya hewa. Garnet akachomeka mtaimbo chini ya jiwe. Ukateleza. Akatukana tusi la buchani, lile la zamani. Akachomeka tena, mara hii upande wa kushoto, penye ufa ambao mtu aliye juu ya maji asingeuona, akaegemeza uzito wake wote juu ya lile goti bovu.

"Nikisema vuta, vuta, hata ukiacha ngozi."

"Garnet, kama..."

"Vuta!"

Jiwe likanyanyuka upana wa mkate. Wilfred akavuta, akasikia kitu kinavunjika kifundoni mwa mkono wake, na akatoka. Mkono uliruka nyuma umekaza vidole, na ndani ya vidole lilikuwa lile kopo, maana kumbe muda wote huo hakuliachia.

Walijikokota mpaka kwenye majani, wakalala chali mvuani wanahema kama mbwa. Garnet alimfunga mkono kwa shali lake. Kule chini, mahali kilipokuwa kidevu cha Wilfred, hapakuonekana tena jiwe. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita juu yake.

"Nani alikuambia?" Wilfred aliuliza alipoweza.

"Nilimpelekea shemeji mayai. Nikamkuta dirishani anatazama mvua. Akasema umekwenda kwenye sanduku lako na hakuna ajuaye liko wapi. Nikamwambia apige simu kwa vijana wa uokoaji, halafu aniazimie mtaimbo kwa jirani." Garnet akapangusa pua. "Niliagiza waambiwe kijitoni, lakini wakilisikia fumbo lako watakuwa wako kwenye mti sasa hivi, wanafukua."

Wilfred alicheka, kisha kicheko kikamgeuka. Akainuka kwa kiwiko cha kushoto.

"Mtaimbo," alisema. "Ulijuaje utahitaji mtaimbo?"

Garnet alinyoosha mkono wake, akamwonyesha kidole cha shahada, kile kilichopinda.

"Ule mlango wa gari," Wilfred akasema taratibu.

"Jiwe lako lina tabia mbaya. Goti lilinikatalia siku hiyo, nikakaa juu ya ng'ombe kulikanda. Nikamwona mzee wako amejikunja pale. Sikutumia akili hata kidogo, ukitaka kujua."

"Miaka minne iliyopita?"

"Inakaribia."

Wilfred alilifungua kopo kwa meno na mkono mmoja. Muhuri ulikuwemo. Daftari lilikuwemo, kavu, jeupe, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. "Hukupiga," alisema. "Ulilipata na hukupiga muhuri. Miaka minne nakucheka mbele za watu, Garnet. Nimekuita kipofu. Nimekuita kuku. Kwa nini hukunifunga mdomo?"

Mvua ilikuwa inapungua. Garnet alikuwa anakung'uta matope kwenye suruali, kwa bidii ambayo suruali ile haikuistahili.

"Tangu Ivy atutoke, simu yangu hulia siku moja kwa wiki," alisema. "Ijumaa. Naisikia inalia, najua ni wewe, najua unataka kunitukana. Navaa shati, natoka." Akainua mabega. "Nikipiga muhuri, Ijumaa tutazungumza nini?"

Wilfred alimtazama huyu mtu aliyekaa naye dawati moja. Aibu ilimpanda uso mzima, moto, na hakuificha. Ijumaa zote zile hakuwahi kumuuliza neno zaidi ya lile moja.

"Leta muhuri wako," alisema.

"Wilfred, acha."

"Leta, nasema. Najua unatembea nao."

Garnet akautoa mfuko wa ndani, mfano wa nguruwe mdogo aliyemchonga mwenyewe siku za bucha. Wilfred alimshikia daftari juu ya goti kwa mkono wake mmoja mzima, akalikinga mvua kwa kofia. Garnet akaupiga. Nguruwe akatoka miguu juu, kichwa chini.

"Umemharibu," Garnet alisema.

"Umemharibu wewe." Wilfred akafunga daftari, akaliingiza kifuani ndani ya shati. Kutoka ng'ambo, kwenye mti, vijana wa uokoaji walikuwa wanapiga filimbi. Wakasimama kwa kushikana, mmoja bila mkono, mwingine bila mguu, wakaanza kupanda.

"Hilo goti lako," Wilfred aliuliza, "lilianza lini hasa?"