Turubai la Bwawa

Bwawa lile liliachwa na wahandisi waliojenga barabara. Walipoondoka Kibondo, nyumba zao kumi zilipangishwa kwa watumishi wa serikali, na bwawa likabaki katikati ya uwanja, mali ya wote. Maji yake yalikuwa baridi hata watoto waliishia kuchovya vidole na kukimbia.

Odilia, mwalimu wa fizikia, hakulijali hadi mumewe, Marcel, alipoanguka na pikipiki na kuvunjika paja. Mfupa uliunga, lakini goti likakakamaa. Daktari wa Kasulu alisema mazoezi ya majini yangesaidia, mradi maji yawe na uvuguvugu, kwa kuwa baridi hukaza misuli. Akawapa tarehe. Ifikapo kliniki ya Julai, goti lipinde hadi nyuzi tisini. Lisipopinda, angelipasua.

Hita ya umeme hawakuimudu kwa mishahara yao. Katika kikao cha wakazi, Odilia alieleza jambo jepesi: jua la kiangazi hupasha maji joto bure mchana kutwa, kisha usiku joto lote huondoka na mvuke. "Tukilifunika bwawa jioni," alisema, "joto la leo tutalikuta kesho." Walichanga. Nsabimana, fundi cherehani wa sokoni, aliunganisha maturubai manne yakawa moja, na kila jioni nyumba mbili zilishika zamu ya kulivuta juu ya maji. Baada ya siku kumi na mbili, kipimajoto kilipanda kutoka nyuzi kumi na tisa hadi ishirini na tano. Goti la Marcel likafika themanini na mbili.

Kisha Odilia aliitwa Kasulu siku nne kusahihisha mitihani. Aliporudi alasiri, alikuta turubai limetandazwa uwanjani, limejaa maharage.

Alikwenda moja kwa moja bwawani na begi lake, akachovya kipimajoto. Ishirini. Marcel alikuwa barazani, magongo yake yameegemea ukuta.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka. Walisema mchana halina kazi, acha waanikie. Jioni maharage hayajakauka, yanarundikwa humo humo na kufunikwa. Ikawa hivyo kila siku."

"Na mazoezi?"

"Jana niliingia hivyo hivyo." Alijaribu kukunja mguu, ukaishia njiani. "Labda sitini na tano."

"Na ulikaa kimya."

"Ningesema nini, mke wangu? Wenzangu wanaanika chakula. Mimi naonekana naogelea."

Odilia aliweka begi chini.

Maharage yalikuwa ya nyumba tatu, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya Bwana Lusajo, mwenyekiti wa wakazi. Aliyanunua kijijini Titye yakiwa na unyevu, ayauze bei ikipanda. Alikuwa ameketi kando ya turubai akifukuza kuku. Yusta, muuguzi wa nyumba ya pili, alikuwa akichambua ya kwake.

"Karibu, mwalimu. Pole na safari," Lusajo alisema.

"Ahsante, mwenyekiti. Turubai la bwawa linafanya nini hapa?"

"Si unaona? Tumeanikia."

"Lilikuwa limekaa tu, mwalimu," Yusta alisema. "Turubai zima, jua linawaka, halafu tupu. Hata mpita njia angetushangaa."

"Na usiku nao lilikuwa limekaa tu?"

Yusta aliinamia maharage yake.

"Kuna utaratibu," Lusajo alisema. "Andika barua, kamati itakaa Jumamosi. Lakini nikwambie kama mdogo wangu. Watu hapa wanahangaikia chakula, wewe unahangaikia maji ya kuogelea. Wenye starehe zao walishaondoka."

"Kliniki ni baada ya siku tisa. Nikingoja Jumamosi, zinabaki nne. Daktari akipasua, wewe ndiye utakayemshika mguu?"

"Mungu atasaidia."

"Ameshasaidia. Ametupa jua bure. Wewe ndiye uliyeliondolea bwawa kifuniko."

Lusajo aligeuka kufukuza kuku ambaye hakuwepo. Odilia alitazama huku na huku. Gari la mwenyekiti lilikuwa chini ya banda, limevikwa kava nene kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Alikwenda akafungua kamba na kulivua.

"Mwalimu, hilo ni kava la gari."

"Naliona."

"Usiku kuna umande. Gari litalowa."

"Gari lako lina goti?"

Kicheko kilimponyoka Yusta, akakizuia kwa kiganja. Odilia alilitandaza kava juu ya majani, akachukua ungo na kuanza kuhamisha maharage. Hakumwaga hata punje. Baada ya muda Yusta alichukua ungo wa pili. Lusajo alisema tena habari ya barua. Wao wakaendelea kuchota. Kabla jua halijazama, wanawake wale wawili walikung'uta turubai na kulivuta juu ya maji, na Odilia akaketi ukingoni kwenye pembe ya turubai mpaka mwenyekiti alipoingia ndani.

Siku ya kliniki, daktari alipima goti mara mbili.

"Themanini na nne. Lilikuwa linakwenda vizuri, kisha likarudi nyuma. Kulitokea nini?"

"Maharage," Marcel alisema.

Daktari alingoja. Odilia alieleza yote kwa mpangilio, tangu mvuke hadi kava la gari. Alipofika kwenye zile siku nne, sauti ilimpanda hata muuguzi wa zamu akachungulia mlangoni. Daktari hakucheka. Aliahirisha upasuaji kwa wiki tatu.

"Mshukuruni Mungu," alisema.

Marcel alishukuru. Odilia alikuwa ameshamwinua kitini na kumpa magongo. Kibondo ilikuwa mbali, saa nane ilikuwa imepita, naye hakumwamini mtu yeyote kulifunika bwawa kabla ya jioni.