Masikio ya Mjukuu

Binti yangu aliugua rubela, ule ugonjwa wa vipele unaomdhuru mtoto tumboni, mimba yake ikiwa changa. Mjukuu alipozaliwa, muuguzi alimkagua moyo na macho, yakabaki masikio. Kipimo kinataka mtoto alale, naye alilia kama aliyenyang'anywa shamba.

Nikampakata, nikamnong'oneza jinsi nilivyomfunza jogoo wetu kupiga mluzi. Akanyamaza, kisha akalala.

"Ananisikia huyu," nikasema.

"Mikono yako ndiyo iliyombembeleza, Baba," akajibu binti yangu. "Acha mashine iseme."

Muuguzi akaingiza kizibo kidogo cha mashine sikioni. Taa ya kijani ikawaka. Sikio la pili likachukua muda mrefu, kisha nalo likawasha taa.

Nilitaka kuchekelea, muuguzi akaniwahi. "Leo anasikia, babu. Lakini madhara mengine huchelewa kujitokeza, kwa hiyo tutaendelea kumpima."

Binti yangu akanigeukia. "Wewe ndiye utakayeshinda naye. Siku ukimwita asigeuke, usinitungie hadithi. Niambie."

Nikaitikia kwa kichwa.