Vidole Katika Ua wa Mama

Mimi ni mdaku, sikatai. Mwenye saluni asiye mdaku atafunga saluni. Kwa hiyo miaka yote kaka yangu Lem alipokuwa akilipwa kuangusha wanaume wenzake kwenye televisheni, jambo moja lilininyima raha: alikuwa anajuaje?

Alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, na kazi yake ilikuwa ulinzi, pembeni kabisa mwa mstari. Upande wa pili kuna mrushaji, na mbele ya mrushaji kuna mijitu mitano ya kumkinga. Lem apenye hapo, amfikie mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Sasa si kila mara mpira unarushwa. Mara nyingine mtu anaukwapua na kukimbia nao, na mlinzi aliyemwendea mrushaji anabaki kukumbatia hewa. Lem hakukumbatia hewa. Mpira haujaanza, yeye ameshajua. Makocha walimuuliza, magazeti yakamuuliza, mimi nilimuuliza kila sikukuu mdomo umejaa mkate wa mahindi. Alikuwa anatabasamu tu na kuongeza mchuzi. Jamani, mtu anaweza kuwa mchoyo wa maneno hivyo?

Mdogo wetu Tavaris, kitinda mimba, alikuwa mmoja wa mijitu hiyo ya kukinga, katika timu nyingine. Desemba ile timu zote mbili zilikuwa zimeshapoteza kila cha kupoteza, na zilibakiwa na mechi ya kufungia msimu, zenyewe kwa zenyewe. Kwa timu ilikuwa mechi ya kumaliza ratiba. Kwa Tavaris ilikuwa maisha. Kocha wake alimwambia waziwazi kwamba Lem akimpita Jumapili kama wengine walivyompita, Jumatatu afungashe.

Jumanne, siku yao ya mapumziko, wote wawili walikuja Alabama kula birthday ya Mama. Tavaris alihangaika na kambare wake mpaka akapoa, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba kitu kimoja tu, kaka amwambie anachokiona. Lem akaendelea kutafuna. Nilipandwa na hasira nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Kupitia dirisha la jikoni nikawaona wametoka uani, wanasukumana kama zamani. Ua wa Mama hauna hata unyasi mmoja. Ni udongo mwekundu mtupu, anaufagia kila asubuhi kwa fagio la vijiti hadi mistari inaonekana, na utotoni ukiuchafua ulikuwa unachezea fimbo. Tavaris anainama, mkono mmoja chini, anainuka, wanagongana. Anainama tena. Baadaye akaingia ndani kufuata pai ya viazi vitamu. Lem akabaki amechuchumaa anatazama chini. Kisha akafuta udongo kwa soksi yake, polepole, mahali pamoja baada ya pengine.

Ee, hapo ningekaaje? Nikatoka kwa kisingizio cha kumwaga maji. Alikuwa hajamaliza kufuta. Udongoni kulikuwa na vitobo vya vidole vitatu vitatu. Vingine vilikuwa vimezama sana, vingine vimegusa tu. Nikapiga goti nikaweka mkono wangu, nikaegemea mbele kama ninayetaka kumvamia mtu. Vidole vikazama, kucha zikawa nyeupe. Nikajivuta nyuma kama ninayetaka kurudi kumkinga mtu. Havikuzama.

Kumbe! Mtu wa kukinga akitaka kwenda mbele kufungua njia ya mkimbiaji, uzito wote unalala vidoleni. Akijua mpira utarushwa, anarudi nyuma, na mkono unakuwa mwepesi. Lem alijifunza kuwasoma wanaume wote wale kwa vidole vya Tavaris akiwa mtoto wa miaka sita, katika ua wa Mama.

"Usimwambie, Vonetta," alisema nyuma yangu. "Ni langu hilo."

Nikamwambia kama ni lako liseme mwenyewe basi, mdogo wako anazama. Akaendelea kufuta.

Jumapili nilikaa na Mama jukwaani, katikati ya mashabiki wa Tavaris, tumefunikwa blanketi moja. Kipindi cha kwanza sitaki hata kukisimulia. Lem alimpita mdogo wetu kulia, akampita kushoto, akamwacha ameanguka kifudifudi. Nyuma yangu jamaa mmoja akauliza huyo mtoto kaletwa na nani, nikageuka nikamwambia kaletwa na mama yake, huyu hapa, msalimie. Akamwamkia. Lakini pale benchi Tavaris alikuwa amejifunika taulo kichwani, na kocha wake alikuwa anazungumza na kijana wa akiba. Nilimchukia Lem, kweli kabisa.

Wakarudi kipindi cha pili. Kocha alimpa Tavaris nafasi moja zaidi. Akainama, akaweka mkono. Lem hakuinama. Alisogea hatua moja, akanyoosha mguu mpaka karibu na vidole vya Tavaris, akafuta nyasi kwa kiatu. Polepole, kama alivyofuta udongo Jumanne.

Tavaris akatazama mkono wake mwenyewe. Akautazama sana.

"Amemwambia," Mama alisema.

Nikamgeukia. Nikamuuliza na wewe ulikuwa unajua?

"Nani alikuwa anafagia ua ule, unadhani?"

Mpira ulipoanza Lem alikwenda pembeni kwa kasi yake yote. Tavaris alikuwa ameshafika. Alimkamata kifuani, akamnyanyua, akamlaza chali mbele ya watu elfu sitini. Na ikawa hivyohivyo mpaka mwisho, kila mara mkono mwepesi uleule, Lem hana cha kusoma. Lem hakumgusa tena mrushaji yule, na nawaapieni alikuwa anajaribu. Namjua kaka yangu anapojaribu.

Tuliwasubiri nje, penye mabasi. Lem akatoka wa kwanza, anachechemea, sweta mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakusema Jumanne akatuepusha na mateso yote yale.

"Jumanne nilikuwa sijaamua. Halafu nikamwona na lile taulo." Akakaa kwenye ukingo wa barabara. "Na nilitaka kujua, Vonetta. Wananiita hodari miaka yote, mimi mwenyewe sijui kama ni hodari au nasoma vidole tu."

"Sasa umejua?"

"Nimejua." Akacheka. "Yule mtoto ni mzuri kuliko mimi. Mimi basi, naacha."

Alisema hivyo kama mtu anayeleta habari ya harusi. Mimi ndiye niliyelia.

Tavaris akaja. Kocha alikuwa amemwambia asifungashe, msimu ujao nafasi yake ipo. Alisimama mbele ya kaka yake, hajui aseme nini, akampa mkono amwinue. Lem akaupokea, lakini hakuinuka mara moja. Aliugeuza kwanza, akatazama kucha.